Mnara wa Simu Jirani na Nyumba: Yaliyochunguzwa na Yanayofaa Kufanywa

Asubuhi moja karatasi iliyofunikwa kwa plastiki huonekana imefungwa kwenye nguzo ya taa ya barabarani. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na yanayoeleweka upesi ndani yake ni machache tu: mnara, mita kumi na tano, njia iendayo shuleni. Kabla ya jua kuchwa, picha ya karatasi hiyo imekwisha kupita katika simu za jamaa na marafiki, na kila inapopita huongezewa neno: kwamba watoto watapata saratani, kwamba wajawazito wahame, kwamba katika mtaa fulani watu watatu wameugua tangu mnara uliposimikwa. Mzazi aliyeipokea hulala na swali ambalo hajui amwulize nani.

Swali hilo ni la haki, wala si la kuchekwa. Limeulizwa na wazazi wa kila kabila na kila lugha nchini Uingereza tangu miaka ya 1990, na kwa sababu liliulizwa kwa sauti kubwa, serikali ililazimika kulifanyia utafiti. Somo hili linaeleza majibu yaliyopatikana, namna yalivyopatikana, na mambo ambayo kaya yenye wasiwasi inaweza kuyafanya. Linaeleza pia madhara ya hofu yenyewe, ambayo kwa kawaida husahauliwa.

Neno moja, mambo mawili

Sehemu ya hofu hutokana na lugha. Katika Kiswahili neno «mionzi» hubeba mizigo miwili. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, husemwa kuwa anapigwa mionzi. Na antena iliyo juu ya paa husemwa kuwa inatoa mionzi. Msikilizaji hudhani ni kitu kimoja. Sivyo.

Mionzi ya eksirei na ile inayotumiwa kutibu saratani ina nguvu ya kung'oa chembe za umeme kutoka katika atomi. Kwa njia hiyo inaweza kuharibu vinasaba, na vinasaba vikiharibika saratani inaweza kuanza. Mawimbi ya simu hayamo katika kundi hilo. Ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yaliyoleta taarifa ya habari na salamu za wagonjwa katika redio za mbao za wazee wetu. Nguvu inayobebwa na kila chembe ya mawimbi hayo ni ndogo mno, hata kuliko ile ya mwanga wa kawaida wa taa, na haiwezi kuivunja atomi. Kukusanya mawimbi mengi ya namna hiyo hakuyafanyi yawe eksirei, kama vile kumwaga maji vuguvugu mengi kusivyoyafanya yachemke.

Linalojulikana kwa hakika ni kwamba mawimbi ya redio yakiwa na nguvu kubwa sana hupasha mwili joto. Ndiyo maana viwango vya usalama vimewekwa. Viwango hivyo hutolewa na tume ya kimataifa inayojulikana kama ICNIRP, iliyovitangaza mwaka 1998 na kuvipitia upya mwaka 2020. Hesabu yake huanzia pale ambapo joto la mwili lingeanza kuleta athari, nacho ni kiasi cha wati 4 kwa kila kilo ya mwili. Kutoka hapo kikomo cha watu wa kawaida kimeshushwa mara 50, hadi wati 0.08 kwa kilo, ili kuwalinda wazee, wajawazito, watoto na wagonjwa, ambao hawana uvumilivu wa kijana mwenye siha.

Mnara wa simu na mnara wa taa

Watu waliokulia pwani wanaujua mnara wa taa unaoziongoza meli. Taa yake huonekana maili nyingi baharini, lakini mtu akisimama chini ya mnara wenyewe hakuti mwanga mwingi, kwa kuwa taa humulika mbele, si chini. Antena ya simu hufanya kazi kwa mfano huo. Hurusha mawimbi yake mbele, yakiinama kidogo tu, na kwa kawaida shina la mawimbi hayo hufika ardhini mbali na mnara, katika umbali wa makumi ya mita au hata zaidi ya mia. Hapo yanapofika yamekwisha kutawanyika na kudhoofika. Kwa hiyo nyumba iliyo chini kabisa ya antena si lazima ipate mawimbi mengi kuliko nyumba ya mtaa wa pili, na familia inayoishi chini ya paa lenye antena hulindwa pia na paa lenyewe.

Mahali pa kujihadhari ni pamoja: mita chache mbele ya uso wa antena. Eneo hilo huwekewa uzio au mabango ya onyo, na mtu asipande juu ya paa lenye antena kutengeneza dishi au kuanika nguo, hata kama mlango umeachwa wazi.

Mapema mwaka 2020, mitambo ya 5G ilipokuwa inaenea, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, Ofcom, ilipima mawimbi karibu na minara katika miji 10. Kipimo kikubwa kuliko vyote kilikuwa takriban asilimia 1.5 ya kikomo cha ICNIRP. Hayo ni mawimbi ya mitandao yote ya simu kwa jumla. Ya 5G peke yake yalikuwa sehemu ndogo zaidi ya hapo.

Kwa karibu kila mtu, chombo kinachompa mawimbi mengi kuliko mnara ni simu yake mwenyewe. Simu hutumia chini ya wati moja, ilhali antena hutumia makumi ya wati. Lakini simu imegusa sikio, na antena iko juu na mbali. Tena, mnara ukiwa mbali simu huongeza nguvu ili isikike, na ukiwa karibu huipunguza. Mtaa unaofaulu kuufukuza mnara unaweza hivyo kujikuta unapata mawimbi mengi zaidi kichwani kila mtu anapopiga simu. Jambo hili huwashangaza wengi, na si rahisi kulieleza katika mkutano wa wazazi wenye hasira.

Namna utafiti ulivyofanywa

Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoongozwa na Sir William Stewart lilitoa ripoti iliyoombwa na serikali ya Uingereza. Jopo lilisema kwamba uzito wa ushahidi unaonyesha kuwa mawimbi yaliyo chini ya viwango hayawadhuru watu kwa jumla. Lakini halikuishia hapo. Lilikiri kwamba mambo mengi yalikuwa hayajachunguzwa vya kutosha, likataka tahadhari, hususan kwa watoto, na likataka shina la mawimbi lisielekezwe kwenye uwanja wa shule bila ridhaa ya shule na wazazi. Wengine walisoma tahadhari hiyo kama ungamo la siri kwamba hatari ipo. Ilikuwa kinyume chake: ni desturi ya mtaalamu mwaminifu kusema wapi elimu yake inakoma. Kutokana na ripoti hiyo ulianzishwa mpango wa utafiti uliodumu zaidi ya miaka 10.

Katika tafiti zilizofuata, mmoja unastahili kuelezwa kwa urefu, maana unajibu swali ambalo wajawazito huliuliza zaidi. Watafiti wa Imperial College London walikusanya taarifa za watoto 1,397 wa Uingereza waliopata saratani kabla ya kutimiza miaka mitano, kati ya mwaka 1999 na 2001. Kwa kila mtoto mgonjwa walichukua watoto wanne wasio na saratani, wa jinsia ileile na waliozaliwa siku ileile, jumla watoto 5,588. Kisha walitazama anwani ambayo kila mtoto alizaliwa, wakapima umbali hadi mnara wa karibu, na kukadiria nguvu ya mawimbi iliyofika pale wakati wa ujauzito. Iwapo minara ingekuwa inaleta saratani, watoto wagonjwa wangeonekana wamezaliwa karibu zaidi nayo. Hawakuonekana hivyo. Umbali wa wastani ulikuwa mita 1,107 kwa watoto wagonjwa na mita 1,073 kwa wasio wagonjwa, tofauti ambayo haina maana yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Utafiti huo una upungufu wake: mawimbi yalikadiriwa kwa hesabu, hayakupimwa ndani ya kila nyumba, na bila shaka wapo akina mama waliohama wakiwa na mimba. Hata hivyo ulihusu nchi nzima, haukuchagua mtaa uliokuwa tayari una kilio.

Hilo la kuchagua mtaa ndilo linalopotosha habari nyingi zinazosambazwa. Mchele ukirushwa juu ya jamvi hautawanyiki sawasawa. Pahali pengine punje hurundikana tano au sita, na pengine pakabaki patupu, bila mkono wa mtu yeyote. Atakayekuja baadaye akachora duara kuzunguka rundo moja anaweza kudai kwamba pana sababu. Saratani ni ugonjwa wa kawaida mno: nchini Uingereza takriban nusu ya watu hupata aina mojawapo katika maisha yao. Kwa hiyo katika nchi yenye minara maelfu kwa maelfu, ni lazima ipatikane mitaa ambayo wagonjwa watatu au wanne wanaishi kandokando ya mnara mmoja. Mitaa mingine kama hiyo haina mnara, na hakuna anayeitangaza.

Kuhusu maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na uchovu, tafiti za awali zilizofanywa Ufaransa na Hispania mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta kwamba watu wanaokaa karibu na minara hulalamika zaidi. Lakini waliohojiwa walijua wanakaa karibu na mnara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex walitafuta njia ya kuliondoa tatizo hilo. Waliwaalika watu waliosema kuwa mawimbi huwaumiza, pamoja na wengine wasio na tatizo, wakawakalisha karibu na mtambo uliofanana na antena ya simu. Mara ya kwanza washiriki waliambiwa lini mtambo umewashwa na lini umezimwa, na wale wenye tatizo walijisikia vibaya ulipowashwa. Katika awamu iliyofuata, wenye tatizo 44 na wasio nalo 114 walipimwa bila kuambiwa, na hata msimamizi aliyekuwa nao hakujua. Hapo uhusiano uliondoka: hali zao hazikufuata kuwashwa wala kuzimwa kwa mtambo, na hawakuweza kuutambua mtambo uliowashwa kuliko mtu anayebahatisha.

Haifai kusomwa kwamba watu hao walikuwa waongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na baadhi yao walikuwa wameacha kazi kwa ajili yake. Kilichoonyeshwa ni kwamba mawimbi siyo yaliyoyaleta, na kwamba kujua au kudhani kuna hatari kunaweza kuufanya mwili uugue. Hilo ni jambo zito.

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Uamuzi huo hutajwa karibu katika kila ujumbe wa kutisha. Ulitokana na tafiti za watu wanaoongea sana na simu sikioni, si wakazi wa karibu na minara, na kundi hilo maana yake ni kwamba ushahidi ni haba na haujakata shauri. Achari ya mboga ya mapishi ya kale ya Asia imo humo pia. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani waliripoti uvimbe katika mioyo ya panya dume waliomwagiwa mawimbi mwili mzima saa tisa kwa siku kwa miaka miwili, kwa nguvu ambayo hakuna mtu anayeipata kutoka mnarani. Na panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakumwagiwa. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya tafiti 63 zilizofanywa kwa binadamu, hayakukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo, wala kati ya minara na saratani ya damu ya watoto.

Hofu ilipoleta hasara

Mwezi Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona, ilienea habari kwamba 5G ndiyo iliyouleta ugonjwa ule. Iran ilikuwa imekwisha kuathirika vibaya wakati 5G ilikuwa haijaenea huko, na virusi havisafiri juu ya mawimbi ya redio. Lakini habari ilikwisha toka mbio. Methali husema lisemwalo lipo, na mara nyingi ni kweli. Safari hii lilisemwa sana na halikuwapo. Makumi ya minara ilichomwa moto nchini Uingereza, na mafundi walitukanwa na kutishwa barabarani. Mmoja wa minara iliyochomwa ulihudumia hospitali ya dharura ya Nightingale mjini Birmingham, katika siku ambazo wagonjwa hawakuruhusiwa kutembelewa na simu ndiyo iliyokuwa njia ya kuwaaga.

Hofu huleta pia wachuuzi. Stika za kubandika simuni, mapazia ya kuzuia mawimbi na mikufu ya kujikinga na 5G huuzwa kwa bei kubwa. Mnamo Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipima vitu vya namna hiyo na kukuta 10 vinavyotoa mionzi ya ile aina ya kwanza, inayovunja atomi. Kimojawapo kilikuwa bangili ya watoto. Waliovinunua walitakiwa waache kuvivaa mara moja. Yaani mzazi alimvisha mwanawe mionzi ya kweli ili kumkinga na ile isiyofika. Kaya yenye kitu kama hicho isikivae wala isikitupe takatakani. Ikiweke kando katika kifungashio chake, na kuiuliza halmashauri namna ya kukikabidhi.

Hasara ya kimyakimya zaidi hutokea nyumbani. Mama anayezima simu mchana kutwa kwa kuogopa mawimbi hukosa simu ya kliniki inayomjulisha majibu ya damu au tarehe mpya ya miadi. Baba anayeumwa kichwa kila asubuhi, akiamini kuwa ni mnara, hangojei kupimwa shinikizo la damu. Binti asiyelala husemwa kuwa ni mawimbi, wala haulizwi kama ananyanyaswa shuleni. Maumivu ya kichwa yanayowapata watu wote wa nyumba moja kwa pamoja, na kupungua wanapotoka nje, yanaweza kuwa dalili ya hewa ya ukaa yenye sumu kutoka kwenye boila mbovu au jiko la mkaa lililowashwa ndani. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na huua. Katika hali hiyo watu watoke nje mara moja na kupiga simu 999.

Dalili nyingine zinazodumu zipelekwe kwa daktari wa familia, au ipigwe simu 111 kwa ushauri. Mgonjwa anaweza kumwambia daktari waziwazi kwamba anauogopa mnara; daktari mwema hatacheka, na habari hiyo humsaidia. Mkalimani wa Kiswahili huombwa wakati wa kuweka miadi na hana malipo. Mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa mzazi wake.

Anayetaka kupunguza mawimbi aanze na simu, kwa kutumia spika au visikizio vya masikioni, kufupisha mazungumzo, na kuandika badala ya kupiga pale mtandao unapokuwa dhaifu. Watoto wasihimizwe kutumia simu kupita kiasi. Mwenye kifaa cha kuurekebisha moyo kifuani aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa hicho, na aipokelee sikio la upande wa pili. Hatari ya simu isiyo na shaka yoyote ni ya barabarani: kuishika simu huku mtu anaendesha gari ni kosa linalotozwa faini ya pauni 200 na pointi 6 katika leseni.

Kuhusu karatasi iliyo kwenye nguzo

Tangazo la mnara lina namba ya ombi na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Mkazi yeyote anaruhusiwa kuandika, awe raia au la, na barua yake haihesabiwi kuwa ugomvi na serikali. Nchini England kampuni inayoomba hutakiwa kuambatanisha cheti kwamba mtambo hautazidi viwango vya ICNIRP. Mkazi anaweza kuomba kukiona cheti hicho, na kuuliza kama shule iliyo jirani imeshauriwa. Pale cheti kinapokuwapo, halmashauri hairuhusiwi kulikataa ombi kwa hoja ya afya, na wengi waliojaza kurasa kwa habari za saratani walishangaa barua zao kutobadilisha kitu. Zinazopimwa ni hoja za mahali na mwonekano: mnara kuziba njia ya wenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto, kuwazuia madereva wasione kivuko cha wanafunzi, kusimama mbele ya madirisha ya watu ilhali pana sehemu bora jirani. Maombi mengi ya namna hii hutakiwa yajibiwe katika siku 56, kwa hiyo barua iandikwe mapema, itaje namba ya ombi, na iseme kwa maneno machache mnara uhamishiwe wapi.